Je, Wajua? Sera Zilizopita Rutamba, Kilwa na Pwani ya Lindi

Safu ya toleo hili inaanzia Rutamba, mkoani Lindi, penye ziwa na msitu wa Litipo, kisha inazunguka Kilwa, Nachingwea na Liwale mpaka ng'ambo ya mto Ruvuma. Tunauliza jambo moja. Mkoloni, serikali au benki kubwa ya dunia ilipopitisha uamuzi, mtu wa kusini alipata nini na alipoteza nini? Mara nyingi alipata na kupoteza kwa uamuzi huohuo.

Je, wajua kwamba Rutamba ilipokea maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji katika miaka ya 1960? FRELIMO, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na tarehe 25 Septemba 1964 ikaanza vita dhidi ya Wareno huko Chai, Cabo Delgado. Haukupita muda familia zikaanza kuvuka Ruvuma. Wengi walikuwa Wamakonde, na upande huu waliwakuta watu wa lugha yao. Serikali ya Tanzania ikishirikiana na UNHCR na TCRS, shirika la Kilutheri, ikafungua makazi Rutamba. Familia ilipewa ardhi, jembe na mbegu, pamoja na posho ya chakula mpaka ivune. Baada ya mavuno ilijilisha yenyewe.

Sera hiyo ilikuwa na gharama yake. Wareno walivishambulia vijiji vya mpakani na kutega mabomu ardhini, na Watanzania waliuawa kwa sababu nchi yao ilikuwa imewapokea majirani. Hata hivyo naiweka miongoni mwa sera bora zilizowahi kupita kusini, kwa sababu mkimbizi aliachiwa heshima ya kuwa mkulima. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wengi walirudi kwao.

Je, wajua kwamba miongo mitatu baadaye nchi hiyohiyo iliwafungia wakimbizi ndani ya kambi? Nyarugusu, huko Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwataka wakae ndani ya maeneo yaliyotengwa. Wanaoishi humo hutegemea mgao, na mgao ukipunguzwa hawana shamba la kukimbilia. Hata hivyo, mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa kundi lililokimbia mwaka 1972 pamoja na watoto wao. Ni nchi chache sana duniani zilizowapa uraia wakimbizi wengi hivyo kwa wakati mmoja. Uganda nayo bado inagawa viwanja vya kulima kwa wakimbizi, ambao sasa ni zaidi ya milioni moja na nusu, ila kadiri wanavyoongezeka ndivyo viwanja vinavyozidi kuwa vidogo.

Wapo pia Wamakonde waliokwenda Kenya enzi za ukoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Waliishi Kwale vizazi kadhaa bila kitambulisho. Mwaka 2016 walifunga safari ya miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, na mwaka uliofuata wakaanza kupewa vitambulisho, wakihesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Je, wajua kwamba serikali ya Uingereza ilitaka kumaliza uhaba wake wa mafuta ya kula kwa karanga za Nachingwea? Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na Waingereza walikuwa bado wanapimiwa mafuta kwa mgao. Mwaka 1947 ukatangazwa mpango wa kulima ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bajeti ilikuwa pauni milioni 25. Vifaru vya vita vya aina ya Sherman viligeuzwa matrekta. Kongwa ardhi ilikauka ikawa ngumu kama saruji, visiki vya mibuyu vikavunja mashine, na mvua ikawa haba. Hapakuwa na kumbukumbu za kutosha za mvua, na udongo haukupimwa inavyopaswa kabla ya fedha kumwagwa. Januari 1951 mradi ulifutwa, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36.

Kusini shida ilikuwa pia njia. Ilijengwa bandari ya muda Mkwaya, kwenye hori la Lindi, na reli ikaanzia hapo kuelekea bara. Wakubwa wakaona Lindi haina kina cha kutosha kwa meli kubwa, wakaamua kujenga bandari mpya Mtwara. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 makao makuu ya Jimbo la Kusini yakahamia huko. Karanga hazikuja, nao mji wa Lindi ukawa umeshapokonywa ofisi zake, wafanyabiashara wake na hadhi yake. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi ikiwa imeshapata uhuru na mzigo haupo. Mtwara ikabaki na bandari nzuri, ambayo leo ndiyo mlango wa korosho. Ukikaa na wazee wa Lindi mjini, kisa hiki bado kinawauma.

Je, wajua kwamba mashamba hayohayo yaliyoshindwa kutoa karanga yalitoa jeshi? Nachingwea ikawa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, na Samora Machel aliwafunza wapiganaji wake pale. Kongwa nayo iliwapokea wapigania uhuru wa ANC, SWAPO na wengineo. Barabara, majengo na ardhi iliyofyekwa kwa fedha za mlipakodi wa Uingereza vilitumika kuung'oa ukoloni kusini mwa Afrika. Hakuna waziri wa London aliyekuwa na hesabu hiyo mwaka 1947.

Je, wajua kwamba sehemu ya mbuga yetu kubwa ilitokana na sera ya pamba? Mwaka 1902 Gavana Mjerumani, von Götzen, alianzisha mashamba ya pamba ya pamoja, yakisimamiwa na maakida na majumbe. Watu waliacha mashamba yao ya chakula wakalime pamba kwa ujira usiotosha hata kodi. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete, katika milima ya nyuma ya Kilwa, waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa vichanga. Kilwa Kivinje upo mwembe uitwao Mwembe Kinyonga, na jina lake linaeleza ulitumika kwa kazi gani. Wajerumani walichoma maghala na mashamba, na njaa iliyofuata iliua kuliko bunduki. Wao wenyewe walikadiria vifo 75,000; wanahistoria wengine wanafika karibu 300,000.

Gavana aliyefuata, von Rechenberg, aliachana na pamba ya lazima akawahimiza wenyeji walime mazao ya biashara kwa hiari. Haya yalikuwa mageuzi, lakini yalikuja juu ya makaburi. Vijiji vingi vya ndani vilikuwa vimekuwa mahame, pori likafunga, ndorobo wakaenea na wanyama wakarudi. Sehemu ya nyika hiyo ikaingizwa katika Pori la Akiba la Selous, lililotangazwa mwaka 1922. Likawa hazina ya dunia, kisha ujangili ukalimaliza: tembo waliohesabiwa kuwa zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970 walibaki kama 13,000 mwaka 2013. Ulinzi uliongezwa, tembo wakaanza kurudi, na leo wakulima wa Liwale na Nachingwea wanakesha wakilinda mahindi na mihogo yao dhidi ya tembo haohao.

Je, wajua kwamba marufuku ya biashara ya utumwa ya mwaka 1873 iliongeza mateso kwa miaka mitatu? Sultani Barghash wa Unguja, akibanwa na Waingereza, alisaini mkataba wa kuzuia watumwa kusafirishwa kwa bahari. Wafanyabiashara wa Kilwa Kivinje wakaanza kuwatembeza kwa miguu kufuata pwani kwenda kaskazini. Njia hiyo ilifungwa rasmi mwaka 1876 kwa amri nyingine ya Sultani. Miaka iliyofuata Kilwa ikageukia zaidi mpira wa msituni.

Sasa tuje kwenye korosho, maana ndiko sera zilikokutana kwa wingi.

Je, wajua kwamba msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani kama 145,000 za korosho, na kufika 1986/87 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000? Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Kusini kazi ilikuwa imeanza mapema, kwa sababu vita vya Msumbiji vilifanya vijiji vya pamoja vionekane pia kuwa ulinzi. Watu walihamishwa, mikorosho yao ikabaki maporini, mwendo wa saa kadhaa kutoka kijiji kipya. Asiyefika shambani hapalilii wala haokoti kwa wakati. Bei ya mkulima ilikuwa ndogo, malipo yalichelewa, kisha ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia na kukausha maua.

Lakini vijiji hivyohivyo vilileta shule, zahanati na visima mahali ambapo havikuwahi kuwapo. Elimu ya msingi kwa wote ilianza mwaka 1977, na watoto wa wakulima wa Lindi waliosoma wakati huo ndio walimu na wauguzi waliostaafu miaka hii. Siwezi kusema ujamaa ulifaulu, wala sikubaliani na anayesema haukuacha kitu. Kosa lake kubwa lilikuwa kumhamisha mkulima bila kuuliza mti wake uko wapi.

Je, wajua kwamba mkulima alipokuwa anaukimbia mkorosho, serikali ilikuwa inajenga viwanda vya kuubangua? Vilijengwa 12, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na ya nchi wafadhili, vikiwa na uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Lindi, Mtama na Nachingwea vilikuwapo. Vilikamilika zao likiwa limeporomoka. Vingi vilifungwa, baadaye vikauzwa, na vingine viligeuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli.

Kilichouokoa mkorosho ni salfa na watafiti wa Naliendele, Mtwara, waliotafuta namna ya kuupiga ubwiriunga na kuzalisha miche bora.

Je, wajua kwamba ng'ambo ya Ruvuma dawa ya Benki ya Dunia iliua viwanda? Mwaka 1995 Msumbiji ilishauriwa ipunguze ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, ili bei ya mkulima ipande. Korosho zikaenda India bila kubanguliwa, viwanda vya Msumbiji vikafungwa, na wafanyakazi maelfu, wengi wao wanawake, wakapoteza kazi. Wachumi Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Welch walipopiga hesabu baadaye, waligundua kwamba kaya ya wastani ya mkulima wa korosho ilipata nyongeza ya takriban dola 5.30 kwa mwaka. Baada ya mabishano makali Msumbiji iliupandisha tena ushuru, na ubanguaji ukaanza kufufuka.

Mwaka 1986 nchi mbili zilibadili mwelekeo kwa pamoja. Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na Vietnam ilianzisha mageuzi iliyoyaita Doi Moi. Leo Vietnam inaongoza duniani kwa kuuza korosho zilizobanguliwa, na sehemu ya korosho hizo inanunuliwa ghafi Mtwara na Lindi.

Na hapa nyumbani enzi hiyo ya Rais Mwinyi, yaani Mzee Ruksa, ilileta nini? Sabuni, vitenge na sukari vilirudi madukani. Vilevile ilileta karo za shule na malipo ya hospitali, watoto wakapungua madarasani, mpaka ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001.

Je, wajua kwamba Liwale nyumba zilichomwa moto kwa sababu ya malipo ya pili? Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama chake cha ushirika, unapimwa na kuhifadhiwa ghalani, kisha unauzwa kwa mnada. Kwa miaka ya mwanzo alipewa malipo ya awali, akasubiri ya pili baada ya mauzo. Bei ya soko ilipoanguka, malipo ya pili yakawa pungufu kuliko walivyotarajia, na Aprili 2013 hasira ikalipuka Liwale. Hata hivyo mfumo huo ndio uliombana kangomba, yule mnunuzi wa mlangoni anayekuja wakati wa njaa na kununua korosho zikiwa bado mtini. Mimi nautetea mfumo huu, kwa sharti moja: mkulima alipwe haraka na aone makato yote.

Novemba 2018 wanunuzi waligoma kupandisha bei mnadani. Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuzisomba. Wakulima walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Kisha ukaja uhakiki wa mashamba. Wengi walisubiri miezi, watoto wakirudishwa nyumbani kutoka shuleni na deni la dukani likikua. Mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000 ulivunjika. Mwaka huohuo wa 2018 Bunge lilikuwa limeamua kwamba ushuru wa korosho zinazouzwa nje, ambao asilimia 65 yake ilikuwa ikirudi kuliendeleza zao, uingie wote katika mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini walipinga kwa sauti kubwa. Uzalishaji ulishuka kutoka zaidi ya tani 300,000 msimu wa 2017/18 hadi kama 225,000 msimu uliofuata. Baadaye serikali ilirudisha pembejeo za ruzuku, na msimu wa 2024/25 mavuno yakapita tani 500,000, kiwango ambacho nchi haikuwahi kufikia.

Je, wajua kwamba bei ya mbaazi ya Lindi huamuliwa New Delhi? Agosti 2017 India iliweka kikomo cha kuingiza mbaazi, tani 200,000 kwa mwaka, ili kuwalinda wakulima wake. Bei kusini mwa Tanzania ikaanguka hadi chini ya shilingi 200 kwa kilo sehemu nyingi, na wengine waliacha mbaazi zikaukie shambani. Msumbiji ilisalimika zaidi, kwa kuwa mwaka mmoja kabla ilikuwa imesaini makubaliano na India ya kuiuzia mikunde. Mwaka 2021 India ililegeza masharti, na bei ikapanda tena.

Je, wajua kwamba Kilwa iliifundisha Afrika kitu kuhusu misitu? Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kubaki na mapato yake. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, vikisaidiwa na shirika la uhifadhi wa mpingo la Kilwa, vilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, vikiwa vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Kabla ya hapo gogo la mpingo liliondoka kijijini kwa senti. Baada ya hapo kijiji kilipanga bei, na fedha zikajenga madarasa na visima. Soko la mpingo uliothibitishwa limebaki dogo, ila ulinzi wa misitu ulipata wenyewe.

Msitu wa Litipo, hapo Rutamba, ni mojawapo ya makao machache duniani ya komba wa Rondo, aliyetambuliwa na sayansi mwaka 1996.

Je, wajua kwamba gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikakaa chini miaka 30? Ilianza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004, na tangu hapo imeipa nchi sehemu kubwa ya umeme. Kwa Likong'o, Lindi, subira bado inaendelea. Gesi nyingi iligunduliwa kwenye kina kirefu cha bahari kuanzia mwaka 2010, ardhi ya kiwanda cha kusindika gesi ikatengwa huko, na wenye ardhi walilipwa fidia kufikia 2020. Januari 2021 kampuni ya Equinor ilifuta kwenye vitabu vyake thamani ya dola milioni 982 ya mradi huo. Juni 2022 yakasainiwa makubaliano ya awali. Vijana waliojifunza uchomeleaji wakitegemea kiwanda hicho wamekwisha kuwa watu wazima.

Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 na kumaliza adha ya kivuko kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda kusini. Mei 2024 mafuriko na kimbunga Hidaya vilikata barabara hiyohiyo eneo la Somanga, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Barabara ni moja, na serikali inapaswa kuitunza kwa uzito huo.

Msomaji wa Rutamba, Milola, Nangurukuru au popote penye ghala: mkutano mkuu wa AMCOS yako ni wako kisheria. Nenda. Omba usomewe bei ya mnada, tozo moja moja na tarehe ya malipo, na usitoke kabla ya hesabu hizo kubandikwa ukutani.